Kitambaa puani hakizuii asbesto

Mafundi wengi wa Dar es Salaam husema: “Nimeshusha paa za asbesto miaka kumi, kitambaa puani, sijaugua.” Miaka kumi ni michache mno. Saratani ya utando wa mapafu hujitokeza baada ya miaka 20 hadi 50, na nyuzi za asbesto, madini yaliyochanganywa na saruji kwenye bati hizo, ni nyembamba kuliko unywele na hupenya kitambaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo zaidi ya 200,000 kwa mwaka kutokana na asbesto kazini.

Bati zima la asbesto lililotulia juu halirushi vumbi jingi. Balaa ni grenda, nyundo na ufagio mkavu. Lowesha kwa maji yenye sabuni, fungua nati, shusha likiwa zima, lifunge nailoni nzito mara mbili. Barakoa iwe FFP3, aina inayochuja vumbi laini sana, ndevu zinyolewe, maana penye ndevu hewa hupita pembeni. Nguo za kazi zisifuliwe nyumbani. Wake wa wafanyakazi wameugua kwa vumbi la nguo hizo.