Mkojo kwa mashine: mashine ipi?

Ukifanya kazi ya maabara hapa Mombasa, swali hili hulikwepi: "Muna mashine, ama mwapima kwa mkono?" Anayeuliza ameshajiamulia kwamba mashine ni hakika na mkono ni kubahatisha.

Maana yenyewe ni fupi. Kipimo cha kawaida cha mkojo kina hatua tatu: kuutazama rangi na uangavu, kuchovya stripu (kijiti chembamba chenye vipande vinavyobadilika rangi), na kuangalia mashapo, yaani chembe zinazotuama chini, kwa hadubini. Zote zikifanywa kwa macho ya mtu, hiyo ni njia ya mkono. Chombo kikifanya hatua moja au zaidi, twaiita ya kiotomatiki.

Balaa iko kwenye hiyo "moja au zaidi". Mara nyingi kinachosifiwa kuwa mashine ni kisomaji cha stripu tu, kijisanduku kinachokaa pembeni mwa meza. Humulika kila kipande cha rangi na kupima mwanga unaorudi. Faida ipo, sikatai, hasa ya muda: kwa stripu nyingi sukari husomwa baada ya sekunde 30 na seli nyeupe baada ya sekunde 120, ilhali mtu mwenye foleni hadi barazani hujikuta akisoma vyote kwa mkupuo. Lakini stripu ni ile ile. Clinistix ya kupima sukari ilitoka Marekani mwaka 1956, na udhaifu wa karatasi za namna hiyo hauondolewi na taa. Acha chupa wazi kwenye unyevu wetu huu, na kipande cha nitraiti, kinachogeuka waridi kuashiria bakteria, chaweza kugeuka bila bakteria hata mmoja. Kisomaji kitaiona waridi hiyo na kukuchapia majibu yanayopendeza kabisa. Mgonjwa aliyemeza vitamini C nyingi naye, damu yaweza kufichika kwenye stripu, na ikifichika macho na kisanduku vyote havioni.

Mashine zinazogusa kazi ya hadubini ni nyingine kabisa, tena ni za bei. Kuna zinazopitisha mkojo mbele ya leza na kuna zinazopiga picha za chembe, kisha programu ikazipanga. Hapa mkono hushindwa kweli. Sisi huzungusha mililita 10 hivi kwa dakika tano, tukamwaga maji ya juu, tukatia tone kwenye kioo. Seli hupotea njiani, na wataalamu wawili wakihesabu sampuli moja watakupa hesabu mbili. Mashine huhesabu mkojo usiozungushwa, kwa mikrolita, na sampuli ya mwisho wa zamu haiichokei. Ila hamira (fangasi wa chembe moja) na fuwele ndogo za chumvi ya oksaleti hufanana na seli nyekundu, nazo huikanganya. Ndiyo maana sampuli yenye utata huwekewa alama, mtu akaiangalie kwa hadubini.

Nasi pwani tuna sababu yetu ya kuingoja hadubini, nayo ni kichocho. Mtoto wa Kwale anayeoga bwawani akianza kukojoa damu, stripu itasema damu ipo, iwe imesomwa kwa jicho au kwa kisanduku. Imetoka wapi, haisemi. Yai la kichocho cha mkojo lina mwiba mmoja nchani na urefu unaozidi kidogo sehemu ya kumi ya milimita, kwa hivyo lenzi ya kukuza mara kumi yatosha kuliona, mradi mtu ameitazama slaidi. Mayai hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Kikopo cha alfajiri chaweza kuwa safi kabisa na mtoto ni mgonjwa.

Kwa hivyo ukishapewa majibu, angalia kama chini ya safu za stripu pameandikwa habari za seli za usaha (ndizo seli nyeupe), seli nyekundu, fuwele na mayai. Kama hapana kitu, huenda mkojo wako umesomwa stripu peke yake, hata kama karatasi imechapwa. Rudi dirishani uulize kwa upole kama mashapo yameangaliwa. Wakikwambia bado, na kikopo kimeshakaa zaidi ya saa mbili kwenye joto hili nje ya friji, omba kikopo kingine.