Je, wajua kwa nini bajeti isiyotaja mwanamke wala mwanamume bado inaweza kubagua?

Fungua kitabu cha makadirio ya serikali yoyote. Mafungu, vifungu, tarakimu: mishahara, mafuta ya magari, deni. Unaweza kupekua kurasa nyingi usione neno "mwanamke" wala "mwanamume", na ndiyo maana wengi huamini bajeti haina jinsia.

Sasa shika mstari mmoja tu: fedha za kuchimba visima zimepunguzwa. Kwenye karatasi, hazina imeokoa. Lakini maji hayaachi kuhitajika, kwa hiyo kuna atakayeyafuata mbali zaidi, na katika kaya nyingi zisizo na bomba huyo ni mama au binti. Saa zake za njiani haziandikwi popote. Vipindi vya shule vilivyompita binti navyo havimo kitabuni. Gharama haikufutwa, imetoka hazina ikahamia kichwani kwake, ndani ya ndoo.

Kuichambua bajeti kwa jicho la jinsia ni kuitafuta gharama hiyo iliyofichika. Watu hudhani ni kudai bajeti mbili, ya wanawake na ya wanaume. Sivyo. Kila fungu linaulizwa limemfikia nani, limemkosa nani, na nani ameziba pengo kwa kazi isiyolipwa. Australia ilianza kuuliza hivyo mwaka 1984. Uganda imeliweka jambo hili katika sheria ya fedha ya mwaka 2015: bajeti huambatana na cheti cha kuthibitisha kuwa imezingatia jinsia na usawa.

Haki za binadamu nazo huleta kipimo chao. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni wa mwaka 1966, ibara ya 2, unaitaka nchi mwanachama itumie rasilimali zake kwa kadiri ya juu kabisa inayowezekana ili haki hizo zitimie hatua kwa hatua. Kwa hiyo serikali ikisema "hatuna fedha", mjadala haujafungwa. Tunauliza: zilizopo zimekwenda wapi, na zimekusanywa kwa nani?

Halafu kuna jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: kutengwa kwa fedha si kutolewa kwa fedha. Fungu la wakunga linaweza kupigiwa makofi bungeni, kisha mwaka ukaisha nusu yake haijatoka. Basi usiishie kwenye hotuba. Weka makadirio na taarifa ya matumizi halisi mezani pamoja, kisha nenda zahanati ukamuulize mkunga kama glavu zipo.