Bamvua si maji ya msimu

Hapa Uganda, wengi tulikutana na neno la Kiingereza "spring tide" darasani, katika somo la jiografia, mbali na bahari. Tukalitafsiri haraka: maji ya majira ya kuchipua. Kosa hilo linaeleweka, maana "spring" ni jina la msimu huo Ulaya. Lakini hapa neno limebeba maana yake ya kuruka, kuchupa, kububujika. Ni maji yanayoinuka kwa nguvu, basi.

Mswahili wa pwani hana tatizo hili kwa sababu analo neno lake, bamvua. Hutokea mara mbili kila mwezi wa mwandamo, mwaka mzima: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Wakati huo jua, dunia na mwezi hukaribia kuwa katika mstari mmoja, na mvutano wa jua huongezea ule wa mwezi. Maji hujaa sana, kisha hupwa sana. Mombasa tofauti huzidi mita 3. Mwezi ukiwa nusu, mivutano hiyo hupunguzana nguvu, yakaja maji mafu, yaani kujaa na kupwa kudogo.

Ni kweli bamvua za karibu na Machi na Septemba huwa kubwa zaidi. Ila Septemba kule Ulaya majani yanaanza kupukutika!

Na ukiona maji yamepanda ufukweni Entebbe, usiusingizie mwezi. Kujaa na kupwa kwa Ziwa Victoria ni kudogo mno kuonekana kwa macho. Mara nyingi ni upepo tu umesukuma maji.