Je, wajua kwa nini kiraka cha tairi hubandikwa ndani na si nje?

Pancha huanzia nje. Msumari umelala barabarani, tairi limeukanyaga, tundu unaliona kwa nje na upepo unausikia ukivuja kwa nje. Sasa mbona fundi anayeijua kazi yake anageukia ndani? Analitoa tairi zima kwenye rimu, analipekua, anakwangua, anapaka, anangoja, anabandika, ndipo analirudisha. Jirani yake wa ng'ambo ya barabara, kwa tairi la aina ile ile, anachomoa msumari, anapanua tundu, anachomeka kamba ya mpira yenye gundi, anakata kipande kilichochomoza, na ndani ya dakika tano mteja keshaondoka. Wote wawili wamezuia upepo. Tofauti yao, hata hivyo, si bei peke yake.

Tuanze na upepo wenyewe. Chukua gari dogo la kawaida lililojazwa PSI 32. Kipimo hicho ni kama kilo 2 na robo zikikandamiza kila sentimita moja ya mraba ya ukuta wa ndani wa tairi. Tundu la msumari lenye upana wa milimita 5 eneo lake halifiki hata robo ya sentimita ya mraba, kwa hiyo upepo unalisukuma kwa nguvu isiyofika uzito wa nusu kilo. Ndiyo maana kipande kidogo tu cha mpira kinatosha kuziba tairi linalobeba gari. Lakini msukumo huo una mwelekeo: unatoka ndani kwenda nje. Kitu ulichokichomeka kutokea nje kinasukumwa kirudi kilikotoka, mchana na usiku, gari likitembea au likiwa limeegeshwa. Kiraka cha ndani mambo yake ni kinyume. Chenye umbo la duara na upana wa sentimita 4 kinakandamizwa ukutani kwa nguvu ya kilo 28 hivi. Upepo ule ule unaotafuta pa kutokea ndio unaokishikilia mahali pake, na ukijaza zaidi kinabanwa zaidi.

Hiyo ni sababu ya kwanza, na wala si kubwa kuliko zote. Nyingine zinahitaji tulifahamu tairi lenyewe.

Ukilikata tairi la kisasa la gari dogo utakuta ni matabaka. Juu kabisa kuna mpira mnene wenye kashata, yaani yale meno ya tairi yanayokanyaga lami. Chini ya kashata kuna mikanda iliyofumwa kwa nyuzi nyembamba za chuma, ndizo zile waya zinazochomoza tairi likishakuwa kipara kupita kiasi. Chini yake kuna nyuzi za nguo, aghalabu poliesta, zinazokwenda kutoka mdomo mmoja wa tairi hadi mdomo wa pili kupitia mbavu zote mbili. Na ndani kabisa kuna ngozi nyembamba ya mpira wa butili, ulioanza kutengenezwa mwaka 1937 katika maabara za kampuni ya mafuta ya Standard Oil huko Marekani. Mpira wa asili, huu unaotokana na utomvu wa mti, hupitisha hewa polepole. Butili hupitisha kidogo mno.

Tangu John Boyd Dunlop alipotengeneza tairi lake la upepo mjini Belfast mwaka 1888, kwa miongo mingi upepo ulikaa ndani ya tyubu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 kampuni ya B.F. Goodrich ya Marekani ikatoa tairi la gari lisilohitaji tyubu, na leo karibu magari yote madogo yanatumia aina hiyo, tyublesi. Ile ngozi ya ndani ndiyo inayofanya kazi ya tyubu, ila imeshikamana na tairi lenyewe.

Kushikamana huko ndiko kunakoeleza jambo linalowashangaza madereva wengi: unaweza kutembea na msumari kwenye tairi siku kadhaa, ukiona tu upepo unapungua kidogo kila asubuhi. Mpira mnene umeukumbatia msumari pande zote, na upepo hauna njia nyingine zaidi ya ule upenyo mwembamba kandokando ya chuma. Kwenye tairi la tyubu mambo ni tofauti. Tyubu ni nyepesi na imetanuka, ikichomwa inachanika, upepo unamwagika kati ya tyubu na tairi, kisha unatafuta tundu la valvu na mdomo wa rimu. Ndani ya muda mfupi tairi limekaa chini. Kwa hiyo ukiuona msumari kwenye tyublesi na upepo bado upo, usiuchomoe palepale barabarani. Uache, ongeza upepo kama unaweza, nenda kwa fundi taratibu. Msumari wenyewe ndio kizibo chako kwa wakati huo.

Sasa turudi kwenye mikanda ya chuma, maana hapa ndipo kiini cha jambo lenyewe kilipo. Msumari ulipopita ulizikata baadhi ya zile nyuzi au ulizivua mpira uliokuwa umezifunika. Chuma kilicho wazi na maji ya barabarani havipatani. Mvua ikinyesha, kila mzunguko wa gurudumu unasukumia maji na mchanga kwenye lile tundu. Kutu inaanza pale palipokatwa, inatambaa pembeni kufuata waya, na mpira unaoshikana na waya unaanza kuachia. Kwa nje huoni kitu. Miezi inapita, mkanda unaachana na mpira wake, na siku moja, gari likiwa kasi na tairi limepata joto, kipande cha kashata kinavimba au kinabanduka.

Hapa ndipo hata kiraka cha ndani peke yake kinapopungukiwa. Kinazuia upepo vizuri sana, lakini tundu la nje limebaki wazi na maji yanaingia kama kawaida. Kamba ya nje nayo inajaza tundu, lakini ngozi ya ndani haikufungwa kwa uhakika. Kwa sababu hiyo mashirika ya sekta ya matairi ya Marekani yanakataa njia zote mbili zikitumika pekee, yakitaka tundu lijazwe na vilevile ngozi ya ndani ifunikwe. Mafundi wenye vifaa kamili hutumia kiraka chenye shina, umbo lake kama uyoga. Shina linavutwa kutoka ndani likitokea nje na kujaza tundu lote, kofia inabaki ndani na kubandikwa kwenye ngozi. Asiye na kiraka hicho anaweza kujaza tundu kwa shina la mpira kwanza, akalikata sawasawa kwa ndani, kisha akabandika kiraka juu yake.

Sababu nyingine ya kulifungua tairi, na kwa maoni yangu hii peke yake ingetosha, ni kwamba nje hakusemi ukweli wote. Tairi lililotembea bila upepo hata mwendo mfupi linajikunja, ubavu unasagwa kati ya rimu na lami, nyuzi zake zinapata joto na kukatika. Ukilijaza tena upepo linasimama wima kama halikupatwa na kitu. Ndani, hata hivyo, ushahidi upo: mstari uliochakaa unaozunguka ubavu, na unga mweusi wa mpira umelala chini, ule unaobaki kidoleni ukipitisha mkono. Fundi akiuona unga huo, kazi imeishia hapo. Tairi hilo halizibwi, linatupwa. Aliyechomeka kamba kwa nje hakupata nafasi ya kuuona, na mteja wake ameondoka na tairi ambalo ubavu wake umeshakatika nyuzi.

Tazama basi fundi mzuri anavyofanya. Kwanza maji ya sabuni, au beseni, apate povu linapotokea, kwa sababu mara nyingine msumari unaouona siyo unaovujisha, au matundu ni mawili. Anatia alama ya chaki. Anatoa upepo wote, anabandua midomo ya tairi kutoka kwenye rimu. Anasafisha tundu kwa ncha ya kukwangulia, akifuata upande uleule msumari ulioingilia. Ukiingia kimshazari, naye anakwenda kimshazari. Kisha anaikwangua ngozi ya ndani kwa msasa au tupa, kidogo kupita ukubwa wa kiraka, mpaka mng'ao uishe na ibaki hali ya mahameli. Hapo uangalifu unatakiwa. Ngozi ile ni nyembamba, ukikwangua mno unazifikia nyuzi. Vumbi lote linaondolewa.

Halafu inakuja hatua inayoharibiwa kuliko zote, nayo ni kungoja. Solusheni, ile gundi ya kwenye kopo au tyubu ndogo, haifanyi kazi kama gundi ya karatasi inayokauka ikagandisha. Ndani yake kuna mpira ulioyeyushwa pamoja na kemikali za kuchochea, na upande wa chini wa kiraka kuna mpira ambao haujaiva vizuri, wenye salfa. Vikikutana vinaanza kuiva pamoja: salfa inajenga vidaraja kati ya molekuli ndefu za mpira wa upande huu na za upande ule, mpaka viwe kitu kimoja. Ni kanuni ileile aliyoipatia hataza Charles Goodyear huko Marekani mwaka 1844, ya kuupika mpira kwa salfa, isipokuwa hapa hakuna moto. Kimiminika kilichouyeyusha mpira kilikuwa usafiri tu. Lazima kiondoke chote kabla ya kubandika. Kikibaki chini ya kiraka kinakuwa mvuke ulionaswa, unatengeneza malengelenge, na kiraka kinaanza kubanduka pembeni ndani ya wiki chache.

Kwa hiyo unapaka tabaka jembamba, unakaa dakika kadhaa, na siku za unyevunyevu unakaa zaidi. Kupuliza kwa mdomo kunaleta unyevu palepale usipotakiwa. Kugusa kwa ncha ya kidole kunaacha mafuta na jasho. Anayejali hugusa pembeni kwa kifundo cha kidole, na ikinata bila kulowesha, wakati umefika. Kiraka kinawekwa mara moja, hakihamishwi, kisha kinakandamizwa kwa kigurudumu kidogo chenye meno, kuanzia katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Ukimwona fundi anapaka na kubandika papo hapo huku solusheni inang'aa kwa ubichi, mwombe asubiri. Ni haki yako, na ni dakika chache tu.

Njia ya moto nayo ipo, na wengi wameiona kando ya barabara: kibanio cha chuma, juu yake pistoni kuukuu ya injini, mafuta kidogo ndani yake, na moto unawaka. Chini ya pistoni kuna kipande cha mpira mbichi. Joto linauivisha mpira huo ukaungana na wa chini, salfa ikifanya kazi yake ya siku zote. Kwa tyubu njia hiyo inashika vizuri sana ikisimamiwa. Moto ukizidi unachoma na mpira wa jirani.

Ubavu ni habari nyingine, na fundi akikukatalia kuuziba usidhani anakusukuma ununue tairi jipya. Tairi la inchi 15 la gari dogo lina mzingo wa karibu mita 2, kwa hiyo linazunguka kama mara 500 kwa kila kilomita. Kila mzunguko, ubavu ulio chini unabonyea na kurudi. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro kila sehemu ya ubavu imejikunja karibu mara laki moja, tena bila mikanda ya chuma ya kuituliza, maana mikanda hiyo ipo chini ya kashata tu. Hakuna kiraka kinachovumilia kukunjwa hivyo na bado kibaki salama kwa mwendo wa kasi, na nyuzi za ubavu zilizokatika hazirudishwi kwa gundi. Begani, pale kashata zinapoishia, hali ni hiyohiyo. Kinachokubalika kwa gari dogo ni tundu lililo kwenye eneo la kashata, lisilozidi milimita 6 upana, na kisiwepo kiraka kingine kitakachopandana nacho.

Kuhusu malori, jambo moja siwezi kulipita. Rimu za vipande zenye ringi ya kufungia zimeua mafundi wengi duniani, kwa sababu ringi ambayo haikukaa sawa hufyatuka wakati wa kujaza upepo. Tairi la namna hiyo lijazwe likiwa ndani ya kizimba cha chuma, kwa mpira mrefu, na mjazaji akae pembeni, kamwe asiinamie mbele yake. Mwenye lori anayemharakisha kijana wa upepo ajue anamharakishia nini.

Basi kamba ya nje haina kazi? Inayo, na si ndogo. Usiku, katikati ya pori, tairi la akiba nalo halina upepo, kamba na pampu ndogo vinakutoa hapo. Itumie kwa tundu dogo la kwenye kashata, endesha polepole, simama baada ya kilomita chache upime upepo, kisha siku inayofuata lipeleke tairi lifunguliwe. Ukitumia ule ute wa kuziba unaomiminwa kupitia valvu, mwambie fundi kabla hajaanza, kwa sababu lazima auoshe wote kabla ya kukwangua. Kiraka hakishiki juu yake. Na tairi likisharudi kwenye gari, muulize kama kashikisha nati kwa mpangilio wa msalaba, ukaziangalie tena baada ya mwendo wa kilomita 50 hadi 100.