AIS ni nini, na kwa nini meli ya mafuta hujitangaza hata kwenye bahari ya maharamia

AIS ni mtambo wa redio unaofungwa melini ili kuitambulisha meli hiyo kwa kila aliye karibu: jina lake, mahali ilipo, upande inakoelekea na kasi yake. Ukifungua simu ukaona ramani ya bahari imejaa vialama vinavyosogea kuelekea Mombasa, Dar es Salaam au Fujairah, habari hizo zote zimetoka kwenye meli zenyewe.

Mtambo huu haukubuniwa kwa ajili ya maharamia. Ulikusudiwa kuzuia meli zisigongane. Tangu mwisho wa mwaka 2004, mkataba wa kimataifa wa usalama baharini, SOLAS, unazilazimisha meli zote za tani 300 na zaidi zinazosafiri nje ya nchi ziwe nao, pamoja na meli za abiria. Meli ikiwa safarini hutuma mahali ilipo kila baada ya sekunde chache. Ikitia nanga, kila dakika 3. Mawimbi yenyewe ni ya VHF, hayafiki mbali: kati ya meli na meli ni kama maili 20 za baharini. Katikati ya Bahari ya Hindi hakuna mnara wa kuyapokea, hivyo hunaswa na setilaiti. Ndiyo sababu kwenye ramani za bure alama ya meli huweza kuganda saa nyingi, kisha ikaibukia mbali.

Anayetaka kufuatilia meli ya mafuta vizuri asishike jina, maana majina hubadilishwa. Ashike namba ya IMO (shirika la kimataifa la mambo ya bahari), yenye tarakimu 7, ambayo meli hubaki nayo tangu kuundwa hadi kuvunjwa, hata ikiuzwa mara tano. Namba nyingine, MMSI, ina tarakimu 9, na tatu za mwanzo huonyesha bendera: 634 ni Kenya, 674 na 677 ni Tanzania, 636 ni Liberia. Kisha kuna yale yanayoandikwa kwa mkono na ofisa wa meli: bandari inakokwenda, siku ya kufika, na kina ambacho sehemu ya chini ya meli imezama majini kwa uzito wa shehena. Hicho kina ndicho kinachosema mengi. Meli kubwa ya mafuta ghafi ikitoka Ghuba ya Uajemi imezama mita 20 na zaidi, halafu ikarudi imezama nusu ya hapo, basi imeshusha shehena. Ila kwa kuwa huandikwa kwa mkono, ofisa akisahau kubadilisha, ramani itaendelea kuonyesha ya safari iliyopita.

Uharamia unaingia hapo hapo, kwenye meli iliyosheheni. Tarehe 15 Novemba 2008 meli ya mafuta Sirius Star, mali ya Saudi Arabia yenye bendera ya Liberia, ilitekwa yapata maili 450 za baharini kusini mashariki mwa Mombasa. Ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 330, mabaharia 25, na mapipa yapatayo milioni 2 ya mafuta ghafi, ikielekea Marekani kwa njia ya Rasi ya Tumaini Jema. Hadi siku hiyo wengi waliamini kwamba hatari iko Ghuba ya Aden, na kwamba ukikaa mbali na Somalia umepona. Meli ilipelekwa pwani ya Somalia, ikazuiliwa huko hadi Januari 9, 2009, baada ya fedha za kuikomboa kudondoshwa kwa parachuti.

Ukubwa wake haukuisaidia. Meli ya namna hiyo ikijaa huzama sana, sitaha ikawa karibu na maji, na mwendo wake ni kama maili 15 za baharini kwa saa. Boti ndogo yenye injini kali huipita kwa urahisi. Maharamia huisogelea kutoka upande wa tezi, wakatundika ngazi na ndoana, wakapanda.

Kwa nini basi nahodha asizime AIS? Sheria inamruhusu akiona kuiacha kunahatarisha meli yake, na wapo waliofanya hivyo. Mimi naona hasara ni kubwa kuliko faida. Haramia aliye baharini huweza kuiona meli ya mita 330 kwa macho, lakini manowari iliyo mbali inayotaka kuja kuokoa haiwezi. Ushauri uliotolewa kwa meli zinazopita huku umekuwa kuiacha mitambo ikiwaka, kupunguza yanayoandikwa kwa mkono, na kuripoti safari kwa UKMTO, kituo cha Uingereza kinachopokea taarifa za usalama wa meli. Baadhi ya meli hata huandika, mahali pa jina la bandari, kwamba zina walinzi wenye silaha. Zaidi ya AIS kuna LRIT, inayotuma mahali meli ilipo mara 4 kwa siku kwa serikali zinazohusika tu. Hiyo haionekani kwenye ramani za simu.

Kwetu, Kanuni za Djibouti za mwaka 2009, yaani makubaliano ya nchi za ukanda huu ya kupambana na uharamia, zilileta vituo vya kupashana habari Mombasa na Dar es Salaam. Mashambulizi yalipungua mno, hata Januari 2023 makampuni ya meli yakaiondoa Bahari ya Hindi katika orodha ya maeneo hatari. Desemba mwaka huohuo meli ya mizigo Ruen ikatekwa, na jeshi la majini la India ndilo lililoikomboa Machi 2024.

Wenye ndugu baharini wanaitazama ramani hii kwa roho juu, na nawaelewa. Kimya cha saa kadhaa mbali na nchi kavu ni cha kawaida. Cha kutiliwa shaka ni meli iliyokuwa ikishuka kusini kwa mwendo wake, mara ikageuka kuelekea pwani ya Somalia. Ukiona hivyo, mpigie wakala aliyemwajiri ndugu yako, wala usiisambaze picha ya ramani kwenye makundi ya WhatsApp kabla hajakujibu.