Lori la korosho mteremkoni: kani, mwendo na breki

Msimu wa korosho ukifunguliwa, malori yaliyosheheni magunia hushuka kutoka Newala na Tandahimba kuelekea bandari ya Mtwara, na bodaboda nazo hukusanya mizigo vijijini kupeleka maghalani. Ndiyo maana somo hili la kani na mwendo, tunalolifundisha darasani kila mwaka, linamhusu pia dereva, utingo na abiria. Chombo kilicho kwenye mwendo hakisimami kwa sababu dereva ametaka. Husimama pale tu kinapopata kani, yaani msukumo au mvuto, ya kutosha ya kukipinga.

Isaac Newton aliliandika hilo katika kanuni zake za mwaka 1687: kitu kilichotulia hubaki kimetulia, na kinachokwenda huendelea kwa kasi ileile na upande uleule, mpaka kani iingilie kati. Wengi hudhani gari lazima lisukumwe muda wote ndipo liende, kwa kuwa ukizima injini kwenye tambarare husimama. Husimama kwa sababu msuguano na hewa vinalipinga. Mwangalie kijana wa bodaboda aliyepakia gunia la kilo 80 nyuma yake na kulifunga kwa mpira mmoja uliolegea. Mbuzi anakatiza, kijana anakamata breki, pikipiki inapunguza mwendo. Gunia halikushikwa na breki yoyote. Linaendelea na kasi yake ya mwanzo na kumkuta mgongoni.

Kanuni ya pili ya Newton inatupa hesabu: kani ni tungamo (wingi wa maada katika kitu, unaopimwa kwa kilo au tani) mara mchapuko (kiwango cha mwendo kubadilika kila sekunde). Lori la tani 30 linahitaji kani mara 3 ya lile la tani 10 ili kupunguza mwendo kwa kiwango kilekile.

Mwendo wenyewe ni hatari kuliko watu wanavyodhani. Kwenye lami kavu, gari dogo lenye matairi mazuri likiwa kilomita 50 kwa saa husimama kama mita 14 baada ya breki kushika. Likiwa kilomita 100 kwa saa, huhitaji kama mita 56. Mwendo umeongezeka mara 2, umbali umeongezeka mara 4. Hapo hatujahesabu ile sekunde moja ya dereva kuona na kukanyaga, ambayo kwa kilomita 100 inakula mita 28 nyingine. Mvua ikimwaga mchanga juu ya lami, msuguano hupungua na umbali huo hurefuka.

Sasa tuje kwenye mteremko, kwa maana Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde. Aliyesimama Shimo la Mungu na kutazama chini anaelewa. Lori la tani 30 likishuka kimo cha mita 200 tu, uvutano wa dunia hulipatia nishati inayotosha kuchemsha lita 175 za maji ya kawaida. Ili lori lifike chini bila kuongeza kasi, nishati yote hiyo lazima iende mahali: sehemu kwenye hewa na matairi, sehemu kwenye injini, na inayobaki hugeuka joto ndani ya breki.

Kwa hiyo dereva anayeweka frii, yaani kulitoa gari kwenye gia, ili kubana mafuta anaiondoa injini kwenye kazi ya kulizuia gari, na mzigo wote anaubebesha breki. Hata mafuta habani, kwani injini nyingi za siku hizi hukata mafuta zenyewe gari likiwa kwenye gia na mguu umeachia pedeli. Breki zikipata joto kupita kiasi, msuguano wake hushuka, na dereva hukanyaga bila kupata kitu. Ingiza gia nzito (ya namba ndogo) kabla ya kuanza kushuka, si katikati ya mteremko lori likiwa limeshachanganya. Ukisikia harufu ya breki kuungua, tafuta mahali salama usimame, weka vigingi kwenye magurudumu, uziache zipoe zenyewe. Usizimwagie maji: chuma chenye joto kali kikipozwa ghafla kinaweza kupasuka.