Kinywa kikavu hakitibiwi kwa pipi

"Mdomo unanikauka, daktari, ndiyo maana natembea na pipi."

Ukiuliza ziko wapi, pochi inafunguliwa hapo hapo: za mnanaa, za kifua, wakati mwingine na kipande cha ndimu kwenye kifuko. Nimeshachoka kulisikia hili, kwa hiyo naanza nalo.

Ni kweli utamu na uchachu huamsha tezi za mate. Lakini aliyekaukiwa, tezi zake hazina kikubwa cha kutoa, na sukari ile bakteria wa kwenye ukoga huigeuza asidi ndani ya dakika chache. Enameli, lile ganda gumu la nje la jino, huanza kuyeyuka pH (kipimo cha asidi: ikishuka, asidi imezidi) ikienda chini ya 5.5 hivi. Mwenye mate ya kutosha ana kinga: bikaboneti iliyomo hutuliza asidi, kisha kalsiamu na fosfeti hurudishia jino madini liliyopoteza. Inachukua nusu saa, pengine zaidi. Asiye na mate hubaki na asidi ile muda mrefu, na kabla haijaisha ameshaweka pipi nyingine. Ndimu haisubiri hata bakteria. pH yake ni kama 2, inakula jino yenyewe.

Wagonjwa hawa nawatambua kabla hawajasema neno. Kioo changu cha kukagulia meno kinanata shavuni. Mate machache yaliyopo ni povu jeupe. Matundu yako shingoni mwa jino, kando ya fizi, hadi kwenye meno ya mbele ya chini, ambayo kwa kawaida huwa ya mwisho kutoboka kwa sababu yanaogeshwa mate kutwa. Nikiyaona hayo siulizi habari za mswaki. Nauliza unameza dawa gani na mfukoni una nini. Na tafadhali usiniambie pipi ya kifua ni dawa. Ina sukari, labda pakiti iseme vinginevyo. Asali nayo ni sukari. Soda ya kunywa funda moja moja tangu asubuhi imo kapu hilo hilo. Ukitaka kuchochea mate, tafuna chingamu isiyo na sukari.

"Ni kiu tu, nitakunywa maji."

Kunywa, yanasaidia, lakini yanalowesha kwa muda mfupi na hayana kinga niliyoitaja. Ukiona kiu haikatiki na unaamka usiku kukojoa, nenda kapime sukari.

"Ni uzee, mwanangu."

Shikamoo bibi, lakini uzee wenyewe unasingiziwa. Wanaokausha zaidi ni wenzake: dawa za presha za kukojosha, amitriptilini (dawa ya sonona na maumivu ya neva), dawa za mzio zinazoleta usingizi. Kadiri zinavyokuwa nyingi ndivyo mdomo unavyokauka. Usiziache mwenyewe! Zipeleke zote kwa daktari aliyekuandikia, aone kama kuna ya kubadilisha au kupunguza.

"Miraa inasugua meno."

Inakausha kinywa, na wengi huisindikiza na soda na chingamu tamu usiku kucha. Hesabu mwenyewe.

"Mimi nina meno ya bandia, hayanihusu."

Yanakuhusu sana. Seti ya juu hushikwa na utando mwembamba wa mate. Yakikauka inacheza, inachubua, na fangasi wanapata makao. Ivue ukilala.

"Nasafisha asubuhi, inatosha."

Usingizini mate karibu yanakatika kabisa, hivyo mswaki wa usiku ndio usioruhusiwa kukosa. Tumia dawa ya meno yenye floraidi, tema povu, usisukutue. Najua mdomo utabaki na ladha, iache. Baada ya hapo ni maji matupu tu.

Na aliyepangiwa mionzi ya saratani ya kichwa na shingo, iwe Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, au kwingine, aje kwetu madaktari wa meno kabla ya kuanza. Mionzi inaweza kuharibu tezi za mate moja kwa moja, na jino liking'olewa baadaye, mfupa wa taya unaweza kugoma kupona.